Rangi ya Rufiji: kutoka Nyamisati hadi Chole

Jumamosi. Nyamisati

Tulifika Nyamisati jua limeshainama, gari likiwa na chupa nyingi kuliko abiria. Ni chupa za kioo, na kabla hazijatoka Dar es Salaam zilichomwa kwenye tanuri la maabara kwa nyuzijoto 450, pamoja na vipande vya karatasi ya alumini vya kufunikia midomo yake. Kuziosha kwa sabuni hakutoshi. Sabuni yenyewe ina kaboni, jasho la kidole lina kaboni, moshi wa bodaboda inayopita una kaboni, na sisi tunakwenda kupima kaboni ambayo katika lita nzima ya maji ya bahari wazi haizidi miligramu moja hivi.

Mwenye safari ni dada anayesomea kemia ya bahari. Mimi niliomba nafasi, nikapewa kwa sharti la kushika chujio na kuandika vipimo. Mashua ni ya mzee wa kisiwa cha Mafia ambaye njia hii anaijua usiku na mchana, na mwanawe ndiye baharia.

Swali la dada ni jepesi kulitamka. Mto Rufiji unakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000: Kilombero, Luwegu, Ruaha Mkuu, misitu ya Udzungwa, mashamba ya miwa na mpunga. Majani yanayooza huko kote, na mizizi, na mboji, hutoa vitu vinavyoyeyuka, na mto huvishusha hadi hapa gatini, ambapo maji yana rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Siku chache mbele, upande wa mashariki wa Mafia, tutatia nanga na kuiona ikiwa chini mchangani. Sasa ile rangi imekwenda wapi?

“Imezama, mwanangu,” nahodha alijibu papo hapo.

“Ingezama, baba, ningekuwa nimeshamaliza masomo.”

Kinachozama ni udongo, na usiku huu nimeuona udongo ukitengwa. Kwenye chumba cha nyumba ya wageni tulichuja maji ya gatini kwa pampu ya mkono, kupitia karatasi ya nyuzi za kioo yenye matundu ya mikromita 0.7. Tope lote lilibaki juu ya karatasi. Maji yaliyopita yalikuwa maangavu, hayana vumbi hata chembe, na bado yalikuwa ya njano. Kinachopita kwenye chujio hili ndicho wanakemia wanachokiita kaboni oganiki iliyoyeyuka. Mpaka huo, kwa maoni yangu, umewekwa na watengeneza machujio kuliko na maumbile, maana virusi hupita na bakteria wadogo pia hupenya. Lakini dunia nzima imekubaliana nao, na bila makubaliano vipimo vya Rufiji visingeweza kulinganishwa na vya Amazoni.

Kisha dada akazima taa. Ana tochi ndogo ya kukagulia noti, ile ya miale ya urujuanimno wanayokuwa nayo wauza duka. Alipoimulika chupa nyeupe ya maji yaliyochujwa, maji yaling'aa kwa buluu hafifu. Maji ya kunywa ya dukani hayakung'aa. Molekuli zenye pete za kaboni, nyingi zikitokana na miti, hunyonya miale hiyo na kuirudisha kwa rangi nyingine. Mjerumani Kurt Kalle alianza kuzichunguza hizi rangi za njano za baharini huko Ulaya ya kaskazini miaka ya 1930, na hadi leo mwanga huo ndio njia ya haraka kuliko zote ya kujua kama maji yamegusa msitu.

Jumapili. Ndani ya delta

Tulitoka alfajiri na maji ya kupwa. Ni siku za bamvua, na bamvua ya pwani yetu ina tabia inayofaa kazi hii: maji hujaa alfajiri na jioni, na kupwa kabisa ni saa nne au tano asubuhi, mchana mweupe. Dada alitaka saa hiyo tuwe ndani ya vijito vya mikoko.

Sababu yake niliiona kwa macho. Maji yalipokuwa bado mengi, kijito kilikuwa na rangi ileile ya mto. Kadiri yalivyoshuka, ndivyo kilivyozidi kukolea. Matope ya mikoko yametobolewa na kaa kila mahali. Maji yakijaa huingia mashimoni, hukaa kati ya mizizi na majani yanayooza pasipo oksijeni, na yakipwa hutoka taratibu na yote yaliyochukua humo. Kwenye kina cha magoti tulisimama tukisikia kingo zinavuja pande zote mbili. Chupa ya mwisho wa kupwa ilikuwa nyeusi kuliko ya jana ya gatini.

Mikoko haifuniki hata asilimia 0.1 ya nchi kavu ya dunia. Lakini kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2006 na Thorsten Dittmar na wenzake, waliofanya kazi kaskazini mwa Brazili, inachangia zaidi ya asilimia 10 ya kaboni oganiki iliyoyeyuka inayotoka nchi kavu kwenda baharini. Nikiangalia kijito hiki siwezi kubisha.

Nahodha alituonyesha miti kwa majina: mkoko wenyewe wenye mizizi ya matao, mchu, mkandaa, mkomafi. Mkandaa ndio wa kusimama nao. Maganda yake yana tanini nyingi, na zamani, kabla ya nailoni, wavuvi walichemsha nyavu za pamba na maganda hayo zisioze. Tanini hushikana na protini na kuifanya isiliwe na bakteria. Kwa hiyohiyo ngozi ya mnyama huwa ngozi ya kiatu. Sasa fikiria hiyo kazi ikiendelea ndani ya maji ya kijito bila mtu kuchemsha chochote: tanini zinazovuja kwenye majani zinakutana na protini za viumbe waliokufa, zinashikana, na kinachotokea ni donge lisilofanana na mojawapo ya vile vilivyoliunda. Mwanakemia anayetaka kuitaja kila molekuli iliyomo kwenye chupa hii atazeeka. Mashine za kisasa za kupima uzito wa molekuli huona fomula maelfu kwa maelfu katika sampuli moja.

Kwa hiyo wanatafuta alama. Alama ya kwanza ni lignini, ile inayoupa mti ugumu. Vijimea vya baharini haviitengenezi, basi ukikuta vipande vyake katikati ya bahari unajua vimetoka nchi kavu. Alama ya pili ni uwiano wa kaboni nzito ya uzito 13 kwa kaboni ya kawaida ya 12. Miti mingi ya nchi kavu huwa na upungufu wa takriban 27 kwa elfu ukilinganisha na kipimo cha kimataifa. Vijimea vya bahari, kama 20 hadi 22. Pengo dogo hilo linatosha kutenganisha jani la Udzungwa na kijimea cha Mafia.

Mchana tulipita mashamba ya mpunga ndani ya delta, madungu yamesimama juu ya miguu yake, watoto wakifukuza ndege. Sehemu nyingine mikoko imekatwa kupisha mpunga. Nahodha alinyoosha mkono kuelekea Simba Uranga na kutukumbusha manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye matawi haya hadi Waingereza walipoimaliza Julai 1915. Huko juu, mbali na tunapopaona, maji haya sasa yanapitia Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Bwawa hushika tope, na tope hubeba kaboni. Maji yaliyotulia hupata jua zaidi na huotesha vijimea vyake. Hivyo mto unaotoka chini ya bwawa si lazima uwe na kemia ya mto ulioingia juu yake. Dada anasema anajuta hakuzaliwa mapema, achukue chupa kabla.

Jumatatu. Mlangoni

Mpaka wa mto na bahari upo, na unaonekana. Saa tatu asubuhi mashua ilikatiza mstari: upande huu kahawia, upande huu kijani, na katikati utepe wa povu, majani ya mikoko, vijiti, kifuu cha nazi, ndala moja ya kushoto. Kipimo cha chumvi kiliruka palepale. Maji matamu ni mepesi, hupanda juu ya maji ya chumvi, na pale yanapokutana uso wa bahari hukunjana na kushusha chini, lakini vinavyoelea havishuki. Hubaki vimepangana.

Hapa ndipo hoja ya nahodha ya kuzama ilipopewa haki yake. Chumvi hufanya sehemu ya mboji iliyoyeyuka ijikusanye na chuma na kuwa madonge, yakazama. Edward Sholkovitz alilijaribu jambo hili mwaka 1976 kwa kuchanganya maji ya mito ya Uskoti na maji ya bahari. Karibu chuma chote kilijitenga, ila katika mata oganiki iliyoyeyuka ni asilimia 3 hadi 11 tu. Dada alimsomea nahodha namba hizo kutoka kwenye daftari lake.

“Basi nimepata kumi na moja kwa mia,” akasema mzee. “Si haba.”

Kilichonivutia mimi ni povu. Maji safi hayatoi povu linalokaa. Likitokea hupasuka mara moja. Povu linalodumu linahitaji molekuli zenye tabia mbili, upande mmoja unapenda maji na upande mwingine unayakimbia, zikajipanga kwenye ukuta wa kila kiputo. Protini zina tabia hiyo, mafuta yana tabia hiyo, na mboji pia. Kila kiputo kinachopanda toka chini hukusanya molekuli hizo njiani na kuzifikisha juu. Kikipasuka, nyingine hurushwa hewani pamoja na vitone vya chumvi na nyingine hubaki zimetanda juu ya maji.

Huo utando ndio nusu ya pili ya kazi ya dada, na kwa kweli ndiyo iliyonitoa nyumbani. Tulikuwa tuanze kuuchota hapohapo mlangoni, lakini upepo uliamka na mashua ikaanza kuruka, tukaahirisha.

Jumanne. Katikati ya mlango-bahari

Shwari. Ni mwisho wa kaskazi, tanga mbili inakaribia, na asubuhi hii bahari kati ya Rufiji na Mafia haina mkunjo. Si kweli kabisa: ukikaza macho unaona mabaka mapana yanayong'aa na kati yake maji yenye viwimbi vidogo. Kwenye mabaka, viwimbi havipo. Utando umevizima.

Jambo hili watu wa bahari wamelijua toka enzi. Benjamin Franklin alichapisha habari zake mwaka 1774, baada ya kumwaga kijiko cha mafuta kwenye bwawa la Clapham, London, na kuona nusu eka ya maji ikitulia. Anayenivutia zaidi ni Agnes Pockels, mwanamke wa Braunschweig, Ujerumani, ambaye hakupata kusoma chuo kikuu. Alitengeneza kifaa chake cha kupima mvutano wa uso wa maji nyumbani, akachunguza maji machafu na masafi kwa miaka, kisha akamwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, ambaye aliipeleka barua yake kwenye jarida la Nature, ikachapishwa mwaka 1891. Vifaa vinavyotumika leo kupima tando za molekuli vimetokana na kile cha kwake.

Kabla ya kuanza palikuwa na suala la sifa. Mashua ya mzee imepakwa sifa, mafuta yaliyopikwa kutokana na papa, kama zilivyo mashua zote nzuri za huku, na nyuma yetu kulikuwa na ukanda mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua unaotufuata. Mafuta hayo ni kaboni ya samaki, hayana ubaya kwa mbao, lakini kwa chupa zetu ni maafa. Baharia akashusha mtumbwi, tukapiga kafi mita kadhaa mbele ya mashua, upande unakotoka upepo, dada, mimi na beseni la vifaa.

Kifaa ni kioo. Kioo cha kawaida cha dirisha, bapa, kina mpini. Njia hii ilielezwa na Harvey na Burzell mwaka 1972: unakizamisha wima, unakitoa taratibu (sisi, sentimita tano au sita kwa sekunde), maji ya juu kabisa yanaganda pande zote mbili, unaacha matone ya ziada yaanguke, kisha unakikwangua kwa mpira wa wiper hadi kwenye chupa. Kabla yake, mwaka 1965, Mmarekani William Garrett alitumia wavu wa waya ulionyooshwa kwenye fremu. Wavu huchota maji mengi zaidi lakini ya unene mkubwa zaidi. Kioo huchota unene wa mikromita hamsini au karibu yake, chini ya unene wa unywele. Kila mzamisho unatoa kijiko kimoja au viwili. Kujaza lita moja, zidisha mwenyewe. Mkono wa kulia ukichoka unahamia wa kushoto, na jua la Machi la saa sita halina huruma.

Katika kukaa huko nilipata darasa. Zamani walidhani utando huu ni mafuta matupu, safu moja ya molekuli zimesimama wima. Picha ya sasa ni tofauti. Ni kitu cha utelezi, mchanganyiko wa sukari ndefu, protini na mafuta, ambamo bakteria wanaishi kwa jamii zao. Sukari hizo vijimea huzitoa mwilini, hasa wanapopata jua jingi na mbolea kidogo: kaboni wanayo, nitrojeni hawana, basi ziada wanaimwaga. Hujisokota zikawa chembe zinazonata, zisizoonekana. Chembe hizo zenyewe ni nyepesi kuliko maji ya bahari, hupanda juu mpaka zitakapolemewa na tope au maganda ya vijimea.

Ungetarajia kitu chembamba namna hii kipasuliwe na wimbi la kwanza. Hupasuliwa, kisha hujirudia ndani ya sekunde chache. Oliver Wurl na wenzake, walipokusanya vipimo vya bahari mbalimbali mwaka 2011, waliukuta hata kwenye upepo wa mita 6.6 kwa sekunde, ambao ndio wastani wa upepo juu ya bahari za dunia. Maana yake sehemu kubwa ya bahari ina utando huu karibu muda wote, iwe inang'aa au haing'ai. Na hewa yote inayoingia baharini au kutoka, oksijeni na hewa ukaa, hupitia hapa. Kazi ya Pereira na wenzake kwenye Atlantiki, iliyochapishwa mwaka 2018, ilionyesha kwamba vitu hivi vya utelezi vinaweza kupunguza upitaji wa hewa ukaa hadi asilimia 32. Wanaohesabu bahari inameza hewa ukaa kiasi gani kwa kutumia kasi ya upepo peke yake wana la kujibu.

Alasiri tuliingia kwenye michirizi ya rangi ya majani makavu, mirefu, imelala kwa mwelekeo wa upepo. Baharia alisema ni uchafu wa meli. Dada alichota kwenye chupa, akaturuhusu kutazama kwa kioo cha kukuza: vifungu vya nyuzi, maelfu. Ni Trichodesmium, saianobakteria anayeelea kwa vifuko vya hewa na anayejitengenezea mbolea kutoka nitrojeni ya angani. Ian Bryceson alimchunguza nje ya Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, na huonekana zaidi msimu wa kaskazi, bahari inapotulia. Chupa moja tuliiacha juani juu ya ubao kwa makusudi. Kufikia jioni nyuzi zilikuwa zimeanza kupasuka na maji yamegeuka waridi, protini nyekundu ya kunasa mwanga imemwagika nje ya seli. Asubuhi ilikuwa ndani ya kiumbe, jioni inahesabiwa iliyoyeyuka. Nilidhani mambo haya huchukua misimu.

Jumatano. Kilindoni

Siku ya soko, barafu na kuchuja. Barafu ya samaki ya Kilindoni ni nzuri na muuzaji hakuuliza maswali.

Potwe wamebaki wachache, walisema vijana wa ufukweni. Msimu wao unaishia. Mmoja tulimwona tukiingia, mdomo wazi juu kabisa ya maji, akimeza vijiduvi. Samaki mkubwa kuliko wote duniani, na mlo wake anautafuta juu hapahapa.

Usiku dada alitia chembe za utando rangi inayoitwa Alcian, ambayo hushika sukari zenye asidi tu. Karatasi ya maji ya kina cha mita moja ilipata madoa ya buluu hapa na pale. Karatasi ya maji yaliyokwanguliwa kwenye kioo, kwa ujazo uleule, iligeuka buluu karibu yote. Sikuhitaji maabara kunieleza.

Sampuli za kaboni zilitiwa tone la asidi ya hidrokloriki, uchachu upande, yaani pH ishuke hadi 2, bakteria wasiendelee kula. Pamoja nazo kuna chupa za maji safi kabisa ya maabara, zilizofunguliwa, zikachujwa na kufungwa sawasawa na nyingine. Kazi yake ni kupima uchafu wetu wenyewe. Nilimuuliza dada kama si kupoteza chupa, akanisimulia kisa cha fani yake. Mwaka 1988 Wajapani wawili, Sugimura na Suzuki, walitangaza njia mpya ya kuchoma sampuli kwa joto kali juu ya platini, na majibu yao yalionyesha bahari ina kaboni oganiki nyingi kupita ilivyodhaniwa. Maabara za nchi nyingi zilihangaika kupata namba hizo. Hazikupatikana. Mwaka 1993 Suzuki mwenyewe aliandika kwenye jarida kuziondoa. Njia ya kuchoma kwa joto kali ilibaki, na ndiyo inayotumika leo kila mahali. Walichojifunza wote ni kuihesabu kaboni ya kifaa na ya chupa kabla ya kuihesabu ya bahari. Mimi namheshimu mtu anayerudi hadharani na kufuta kauli yake kuliko aliyepatia mara ya kwanza.

Alhamisi. Ghuba ya Chole

Tulizunguka Ras Kisimani usiku wa manane, tukapita Jibondo kulipopambazuka, mafundi wa majahazi wakiwa tayari wanagonga. Saa nne tulikuwa ndani ya ghuba, karibu na mlango wa Kinasi, bahari kuu ikiingia. Nanga inaonekana. Samaki wanaizunguka. Hii ni hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania, tangu 1995, na vibali vyetu vilikaguliwa na askari wapole waliotaka sana kumulika chupa kwa tochi ya noti.

Wakamulika. Ya gatini, buluu. Ya mlangoni, buluu hafifu. Ya Chole, karibu giza.

Nahodha aliitazama kwa muda. “Sasa niambie, mwanangu. Kama haikuzama.”

Jibu la dada lilikuwa refu, nalifupisha. Sehemu kubwa zaidi ya kufifia ni kuchanganyika tu: mto ni mdogo, bahari ni kubwa, na hapa Chole maji mengi hayajawahi kuuona Rufiji. Sehemu imeshikana na chuma ikazama. Kumi na moja za mzee. Na sehemu imeliwa na jua. Miale ya urujuanimno inapiga zile pete za kaboni zinazotoa rangi na kuzivunja. Zinatoka hewa ukaa, monoksaidi ya kaboni, na vipande vidogo ambavyo bakteria wanavipenda. Miale hii hupungua upesi kwenda chini, hasa katika maji ya kahawia, hivyo kazi kubwa hufanyika juu kabisa, katika tabaka lilelile tulilokuwa tukilikwangua. Mchana wa jua kali maji ya juu huwa hata na peroksidi ya hidrojeni, dawa ileile ya kusafishia vidonda, kwa kiasi kidogo mno, iliyotengenezwa na mwanga na mboji.

Kwa hiyo rangi kupotea si kaboni kupotea. Jua likivunja pete, rangi hufa mara moja, lakini vipande vingine vinaendelea kuelea bila rangi wala mng'ao. Hapo ndipo mkanganyiko wa kweli ulipo. Mito ya dunia inaleta baharini kaboni oganiki iliyoyeyuka ya takriban tani bilioni 0.25 kila mwaka. Bahari yote inashikilia tani bilioni 662 hivi, kiasi kinachokaribia kaboni iliyo katika hewa ukaa ya angani. Gawanya: mito peke yake ingeweza kuijaza bahari kwa chini ya miaka 3,000. Na umri wa kaboni hiyo katika kina kirefu, ukipimwa kwa kaboni 14, ni kati ya miaka 4,000 na 6,000. Muda wa kuijaza upo. Lakini ukitafuta lignini huko unaikuta kidogo mno, na uwiano wa kaboni 13 unasema ni ya bahari, si ya miti. Mito inamwaga na bahari haionyeshi. John Hedges na wenzake waliliuliza swali hilo waziwazi mwaka 1997, na ndilo lililomleta dada Nyamisati.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. “Kwa hiyo jua linafua.”

“Linafua, baba. Lakini maji ya kufulia hatujui yanamwagwa wapi.”

Mchana tulikwangua kioo mara ya mwisho, nje kidogo ya Kinasi, maji yamepwa na mabaka laini yamejipanga sambamba. Ndani ya mabaka kulikuwa na mayai ya samaki, vichanga vya samaki visivyofika kucha, na chembe za plastiki. Huko Hawaii waligundua mwaka 2019 kwamba ndani ya mabaka ya namna hii vipande vidogo vya plastiki ni mara 126 ya vilivyo nje yake, na vichanga vya samaki wamo humohumo wakitafuta chakula. Baharia alitia kidole, akatoa kipande cha mfuko wa buluu kisichozidi punje ya mchele, akakipaka kwenye suruali.

Ijumaa. Kilindoni

Baada ya swala ya Ijumaa chupa zilipakiwa kwenye meli ya kurudi Nyamisati, ndani ya masanduku ya barafu yaliyoandikwa SI CHAKULA pande zote nne. Majibu ya kaboni yatatoka baada ya wiki kadhaa, ya lignini baada ya miezi, kwa kuwa mashine yake iko nje ya nchi.

Dada anataka kurudi Julai. Kusi ikivuma utando hupasuliwa kila dakika, mto uko chini, Trichodesmium hana nafasi, na bila namba za kusi hizi za kaskazi zinasimulia nusu ya mwaka. Alimwuliza nahodha kama atatuchukua tena kwa bei ileile.

“Kusi?” Mzee akamtazama mwanawe, kisha mashua, kisha kioo chetu cha dirisha. “Kwenda tutakwenda. Bei tutaongea.”